MFUNGWA NAYE NI MWANAFUNZI



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Maswahaba wake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, kila mwaka katika jarida letu tunaandika juu ya faida za elimu. Mara hii nimeona niandike juu ya mahali ambapo wengi wetu hatufiki na elimu yetu, nako ni gerezani.

Swali la kijana

Mwaka juzi, baada ya Idi el Fitri, tulikwenda mimi na wazee wa kamati ya msikiti katika gereza moja la mikoa yetu hii ya Nyanda za Juu Kusini. Tulichukua sukari, sabuni na tende. Nikatoa mawaidha ya nusu saa juu ya subira, kisha nikauliza kama kuna mwenye swali. Akasimama kijana mmoja niliyemtambua mara moja, kwani alikuwa mwanafunzi wetu. Alikuwa akikaa safu ya mbele, na alihifadhi Juzuu Amma kabla ya wenzake. Kosa lake lilikuwa kumjeruhi mwenzake katika ugomvi wa fedha za hesabu ya bodaboda.

Akasema, "Ustadh, siku ile nilijua kuwa ninalofanya ni haramu. Wewe ndiye uliyenifundisha. Lakini hasira ilipopanda sikujua nishike wapi. Na leo mkiondoka, sisi tunabaki na nini?"

Nilimjibu azidishe dua. Jibu hilo ni sahihi, lakini lilikuwa nusu ya jibu, na mimi nililijua hilo kabla hatujatoka getini. Kijana hakuuliza halali na haramu. Aliuliza namna ya kuamua vizuri wakati moyo unachemka, na namna ya kuendelea kujifunza wakati mwalimu hayupo. Mambo haya mawili sikumfundisha alipokuwa chuoni, na siku ile pia sikumletea.

Maoni yangu ni kwamba mfungwa hasaidiki sana na mawaidha ya mara moja kwa mwaka. Anasaidika pale anapopewa njia ya kujisomesha mwenyewe, pamoja na wenzake, kila wiki, huku watu wa kujitolea wakimfuatilia. Na watu hao tunaweza kuwa sisi.

Dini yetu inasemaje?

Jambo hili si geni. Nabii Yusuf (A.S.) alipokuwa gerezani, vijana wawili walimwendea kumuuliza juu ya ndoto zao. Kabla ya kuwafasiria aliwafundisha kwanza juu ya Mungu Mmoja. Alikuwa mfungwa anayewafundisha wafungwa.

Baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, wapo mateka wa Kikureishi ambao hawakuwa na fedha ya kujikomboa lakini walijua kuandika. Fidia yao ikawa kuwafundisha kuandika watoto wa Ansari. Kwa hiyo mateka alihesabiwa kuwa mtu mwenye kitu cha kutoa.

Kisha tukumbuke kisa cha Thumama bin Uthal, mkubwa wa Banu Hanifa. Alipokamatwa alifungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina. Siku tatu alikuwa mahali panaposwaliwa na kufundishwa, na kila siku Mtume (S.A.W.) alimpitia na kumuuliza ana lipi la kusema. Siku ya tatu akaamuru afunguliwe. Thumama akaenda kwenye mitende iliyokuwa karibu, akaoga, akarudi msikitini kwa miguu yake mwenyewe na kutamka shahada. Hakulazimishwa. Aliona, akafikiri, akaamua. Na katika Surat Al-Insan Mwenyezi Mungu anawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa. Chakula cha akili nacho ni chakula.

Mifano ya karibu na ya mbali

Huenda mtu akasema hayo ni ya zamani. Basi tuangalie majirani zetu wa Uganda. Mwaka 2002 mwanamke kijana, Susan Kigula, alihukumiwa kunyongwa na akawekwa katika gereza la wanawake la Luzira, Kampala. Humo ndani alianza kusoma na kuwasomesha wenzake. Kesi iliyobeba jina lake, ya wafungwa zaidi ya 400 waliohukumiwa kifo, ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2009 mahakama ikathibitisha kuwa si halali kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo bila kupima hali ya kila mshitakiwa. Kigula alisoma sheria kwa masafa na Chuo Kikuu cha London akiwa kifungoni, na alitoka mwaka 2016. Wafungwa wa Uganda na Kenya walipata masomo hayo kupitia shirika la African Prisons Project, ambalo sasa linaitwa Justice Defenders. Mwanzilishi wake, Alexander McLean, alifika Uganda mwaka 2004 akiwa kijana wa kujitolea hospitalini, na huko ndiko alikoiona hali ya wafungwa wagonjwa.

Huko Marekani, mwaka 1975, wafungwa wa gereza la Green Haven, jimbo la New York, waliwaomba jamaa wa dhehebu la Quaker wawasaidie kuwafundisha vijana kuacha ukatili. Hapo ukaanza mpango uitwao Alternatives to Violence Project, ambao umefika hadi Kenya, Rwanda na Burundi. Watu hukaa duara, kila mmoja hueleza ugomvi uliompata na jinsi alivyouamua, kisha wote hutafuta njia nyingine ambayo angeweza kuifuata. Wakufunzi hujitolea, na wafungwa waliohitimu huwa wakufunzi wa wenzao.

Malcolm X naye aliingia gerezani mwaka 1946 akiwa mwizi. Huko alinakili kamusi kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akaweza kusoma vitabu vizito. Ndugu zake walimwandikia barua. Alitoka mwaka 1952, na mwaka 1964 alikwenda Hija na kuushika Uislamu sahihi. Wazazi, zingatieni hapo kwenye barua za ndugu.

Na sisi Watanzania tusidhani kuwa hatuna uzoefu. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi wakiwa na redio moja na kijitabu, wakaongozwa na mwenzao, wakajadili na kwenda kuchimba vyoo. Chuoni kwetu pia mwalimu mmoja hawezi kumsikiliza kila mtoto, kwa hiyo khalifa humsomesha mdogo. Njia ni ile ile, tuitie ndani ya ukuta.

Tufanye nini Mbeya na Iringa?

Mbeya tuna gereza la Ruanda ndani ya jiji, na Iringa gereza liko mjini. Misikiti na madrasa haziko mbali. Napendekeza yafuatayo:

Kwanza, tuombe ruhusa kwa mkuu wa gereza na tufuate masharti yake yote. Tusipeleke barua za siri wala ujumbe wa mtu.

Pili, tuanze na halaka ya watu wachache, wakiwa na daftari, kalamu na kitabu kimoja. Asiyejua kusoma afundishwe na anayejua. Darsa la kusoma na kuandika liwe la kila anayetaka, awe Mwislamu au asiwe.

Tatu, kila mmoja awe na daftari la muhasaba. Aandike uamuzi mmoja wa wiki ile na ajibu maswali manne: Nilikuwa na hali gani? Nilimshauri nani? Nani aliumia? Ningefanya nini kingine? Tuwafundishe na aliyotuelekeza Mtume (S.A.W.) wakati wa hasira: kunyamaza, kukaa ikiwa umesimama, kutia udhu. Lakini wayafanyie mazoezi kwa visa vyao wenyewe, maana kuyajua tu hakukumsaidia yule kijana.

Nne, mwalimu wa kujitolea afike mara mbili kwa mwezi, na siku aliyoahidi asikose. Mfungwa huhesabu siku kuliko sisi.

Wapo watakaosema, "Watoto wetu wema hawana madaftari, itakuwaje tuwapelekee wahalifu?" Najibu kwamba wengi wa walioko ndani watarudi mitaani kwetu. Wengine ni mahabusu, kesi zao hazijaamuliwa. Tena kumsomesha mfungwa hakufuti haki ya aliyemdhulumu. Kinyume chake, toba ya kweli ina sharti la kurudisha haki ya mtu, na mtu hawezi kurudisha haki asiyoikiri. Aliyeandika kwa mkono wake "fulani aliumia kwa sababu yangu" ameanza kukiri.

Nawe mwanafunzi, usingoje gereza. Anza daftari lako la muhasaba leo, kwa sababu yule kijana alikaa kwenye jamvi hilo hilo unalokalia. Nanyi wazazi mlio na mtoto kifungoni, msiache kumtembelea kwa aibu. Mwandikieni barua, hata mistari mitano.

Mwezi uliofuata nilirudi nikiwa na madaftari 7. Wa kwanza kuchukua alikuwa yeye. Safari ya nne alinionyesha ukurasa alioandika juu ya siku ile ya ugomvi, saa kwa saa, na mahali matatu alipopiga mstari kwa kuwa hapo angeweza kuondoka. Bado anatumikia kifungo. Siku hizi yeye ndiye khalifa wa halaka ile, na wakati huu anamfundisha mzee mmoja kuandika jina lake.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na awafanyie wepesi ndugu zetu walioko vifungoni. Aamin.

Wabillahi Tawfiq.