Mnyonge Tunamnyonga, Haki Yake Iko Wapi?

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii huitamka wengi kwa wepesi, kana kwamba uzito wake wote umo katika nusu ya kwanza. Lakini waliotuachia maneno hayo waliweka sharti. Walitambua kwamba jamii yaweza kufika mahali pa kumpa mtu adhabu ya mwisho, wakaionya kwamba hata hapo haki yake haifi. Leo yafaa tuulizane, sisi tulio maofisini na madarasani, kama sheria yetu ya kunyonga imeitii nusu ya pili ya methali hiyo. Jibu langu ni kwamba haijaitii, na kwamba lawama si ya majaji peke yao. Ni yetu sote tulionyamaza.

Tuanze na sheria yenyewe. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo chimbuko lake ni sheria ya mkoloni ya mwaka 1930, imeamuru kwamba mtu akitiwa hatiani kwa kuua kwa makusudi, sharti ahukumiwe kunyongwa hadi kufa. Wanaoepushwa ni wachache mno, kama vile mama mjamzito na yule aliyetenda kosa akiwa hajatimiza miaka 18. Waliobaki wote wana adhabu moja. Aliyepokea fedha ili akamuue mtu asiyemjua, na mkulima aliyeinua panga katika ugomvi wa mpaka wa jaruba la mpunga, wakishatiwa hatiani kwa kosa hilo, hawana tofauti tena. Jaji aliyewasikiliza kwa siku nyingi, akaona nyuso zao na kuyapima maisha yao, haruhusiwi kutofautisha.

Tazameni kinyume kilichomo humo. Mwizi wa kuku akitiwa hatiani katika mahakama ya mwanzo, hakimu humwuliza kama analo la kusema kabla ya adhabu. Naye hueleza kwamba hilo ni kosa lake la kwanza, kwamba ana watoto, kwamba amejuta. Hakimu husikiliza, hupima, huamua. Lakini mtu anayekwenda kupoteza roho yake, utetezi wa namna hiyo haumsaidii kitu, kwa sababu adhabu ilikwisha kuandikwa kabla hajazaliwa. Je, hiyo ndiyo mizani ya haki, kwamba kuku apimwe na roho ya mtu isipimwe?

Sisi wa Bonde la Kilombero si wageni wa habari za mauaji. Migogoro ya ardhi kati ya wakulima na wafugaji imemwaga damu katika bonde hili, na kila familia iliyompoteza mtu wake inastahili haki kamili. Sisemi hata kidogo kwamba muuaji aachwe aende zake. Ninalosema ni kwamba bonde hili hili limetufundisha namna nyingine ya kukitazama kifo. Hapa Ifakara tunayo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na tunayo Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambayo mizizi yake ni kazi ya utafiti iliyoanzishwa na Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi katika mwaka 1949. Mama akifariki katika uzazi, taratibu za afya za nchi yetu zinawataka wahusika wakae pamoja wachunguze. Alifika saa ngapi? Damu ilikuwapo? Nani alichelewa, na kwa nini? Kifo hakiruhusiwi kupita bila maelezo. Ikiwa kifo ambacho hakuna aliyekitaka kinadaiwa maelezo kiasi hicho, yawaje kifo kinachoamriwa na Dola yenyewe, kwa kalamu na muhuri, kisidaiwe sababu yoyote zaidi ya kwamba sheria imesema hivyo?

Hebu tukumbuke jambo lililowagusa ndugu zetu wa ng'ambo ya mto. Mnamo Januari 14, 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi wa Dar es Salaam, waliuawa mikononi mwa polisi. Taifa liliambiwa kwamba waliouawa walikuwa majambazi. Wakati huo mtu wa Mahenge aliyesafiri kwenda Dar es Salaam alivuka Mto Kilombero kwa kivuko, kwa kuwa daraja lilikuwa bado halijajengwa, na kwa kivuko hicho hicho habari ya msiba ilirudi. Ndugu wa marehemu na wananchi wenzao hawakuikubali kauli hiyo. Walipiga kelele, magazeti yakapaza sauti, na Rais Jakaya Kikwete akaunda Tume chini ya Jaji Mussa Kipenka. Tume ikabaini kwamba wale watu hawakuwa majambazi. Polisi kadhaa wakashtakiwa kwa mauaji, akiwamo aliyekuwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa wa Dar es Salaam, Abdallah Zombe.

Yaliyofuata yanapaswa kuwa somo katika kila darasa la uraia. Mnamo Agosti 17, 2009, Mahakama Kuu chini ya Jaji Salum Massati iliwaachia huru washtakiwa wote waliokuwa wamebaki. Serikali ikakata rufaa. Mnamo Septemba 2016, baada ya miaka zaidi ya kumi tangu mauaji yale, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba Zombe aachwe huru, lakini ikamtia hatiani ofisa mmoja wa upelelezi wa Kinondoni na kumhukumu kunyongwa.

Sitaki kuurudia ushahidi wa kesi ile; mahakama zilifanya kazi yao. Nataka tuyatazame mafunzo mawili. La kwanza, bila wananchi kusimama, pengine wale marehemu wangezikwa na jina la ujambazi hadi leo. Anayesema kwamba harakati za wananchi ni usumbufu kwa vyombo vya sheria, aende akawaeleze hayo watu wa Mahenge. La pili, mahakama mbili zenye majaji waliosoma na wenye heshima zao, zikiutazama ushahidi ule ule, zilimwona mtu yule yule kwa namna mbili: moja ikamfungulia mlango aende nyumbani, nyingine ikamwonyesha kitanzi. Hakuna aibu katika hilo, kwani rufaa zipo kwa sababu binadamu hukosea. Lakini kama tunakiri kwamba binadamu hukosea, kwa nini tumempa adhabu isiyoweza kusahihishwa, na tena tukamnyima ruhusa ya kuchagua nyingine?

Wapo watakaosema kwamba suala hili lilikwisha kuamuliwa. La hasha. Mwaka 1994, katika shauri la Mbushuu, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba, ambayo katika Ibara ya 14 inalinda haki ya kuishi. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo. Lakini wasomeni vizuri majaji wale. Walikubali kwamba adhabu hii ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu. Wakasema hata hivyo Katiba inaivumilia kwa maslahi ya umma, na kwamba ni jamii yenyewe itakayoamua kama bado inaihitaji. Kwa maneno mengine, Mahakama ilituachia sisi. Miaka imepita, na sisi tulioachiwa swali tumekaa kimya tukidhani tulipewa jibu.

Wenzetu hawakukaa kimya. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliifuta adhabu ya kifo mwaka 1995. Mahakama ya Juu ya Uganda iliondoa ulazima wake mwaka 2009, na ikaamua kwamba aliyemaliza rufaa zake na kusubiri zaidi ya miaka mitatu asinyongwe tena. Kenya iliondoa ulazima huo mwaka 2017. Nasi hatukwenda mbali kuambiwa: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, katika ardhi yetu wenyewe, iliamua Novemba 28, 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, kwamba ulazima wa adhabu hii unavunja haki ya kuishi, ikaipa nchi yetu mwaka mmoja kuuondoa. Mwezi ule ule Serikali yetu ilitoa taarifa ya kujiondoa katika tamko linalomruhusu mwananchi kwenda mwenyewe mbele ya Mahakama hiyo. Mwaka uliotolewa ulipita. Katika miaka iliyofuata Mahakama hiyo ililazimika kuirudia amri ile ile katika mashauri mengine.

Wakati huo huo, tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa katika nchi yetu. Rais John Magufuli alisema hadharani Septemba 2017, alipomwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, kwamba asingependa kupelekewa majina ya watu wa kunyongwa. Na Desemba 9 mwaka huo aliwasamehe wafungwa 61 waliokuwa wakisubiri kitanzi. Huruma hiyo tunaishukuru. Lakini huruma ya mtu mmoja si sheria. Jaji hutamka kifo kwa sababu amelazimishwa, Rais hatii saini kwa sababu dhamiri yake inakataa, na mfungwa hulala na kuamka asijue kama kesho ni yake. Mwulize jaji, atakujibu kwamba ni Bunge lililotunga sheria. Uliza Bunge, utaambiwa kwamba mahakama zilikwisha kusema. Uliza Serikali, utajibiwa kwa ukimya. Roho ya mtu imening'inia, na hakuna hata mmoja aliyeishika kamba! Huko ndiko kukosa uwajibikaji, ndugu zangu.

Wako wanaosema kwamba damu hulipwa kwa damu, na kwamba kuondoa kitanzi ni kuwasaliti waliouawa. Uchungu wao nauheshimu. Lakini kuondoa ulazima si kuondoa adhabu. Kifungo cha maisha kipo, na jaji aliyemwona muuaji katili hatashindwa kumpa. Wako pia wanaodai kwamba hizi ni fikra za kigeni. Hao nawakumbusha historia. Mwezi Agosti 1905 wazee wetu waliishambulia boma ya Wajerumani Mahenge kwa sababu walikataa kutawaliwa kwa kiboko na kitanzi. Mwezi Februari 1906, Songea, mashujaa wa Maji Maji walinyongwa na mkoloni yule yule. Kitanzi cha serikali ndicho kilicholetwa kwa meli. Kukitetea kama urithi wetu ni kasumba.

Hapa lazima niweke mpaka ulio wazi. Kumdai jaji uwajibikaji si kumtisha. Katiba inataka mahakama ziwe huru, na kesi ikiwa mbele ya jaji, hatuna ruhusa ya kumshinikiza kwa maandamano wala kwa simu ya mkubwa. Jaji anayeogopa umati ni hatari sawa na jaji anayeogopa bwana. Uwajibikaji wa jaji ni sababu zake: aseme kwa nini ameamua hivyo, aziandike, zisomwe, zipimwe na walio juu yake na wananchi walio chini yake. Ndiyo maana ulazima wa kifo unamharibu jaji kabla ya kumwua mfungwa, kwa kuwa unamwondolea wajibu wa kutoa sababu. Anayelazimishwa hawezi kuwajibika.

Basi madai yetu yawe manne. Kwanza, Bunge liondoe neno la lazima katika sheria hii, na mshtakiwa asikilizwe kuhusu adhabu kama anavyosikilizwa mwizi wa kuku. Pili, hukumu ya namna hii iandikwe kwa Kiswahili. Bunge lilikwisha kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama mwaka 2021. Ni fedheha mtu kuhukumiwa kufa kwa maandishi ambayo mama yake hawezi kuyasoma. Tatu, uwekwe muda maalumu, ambao ukipita bila uamuzi wa Rais, hukumu igeuke kifungo. Nne, kila mtu anayekufa mikononi mwa polisi au magereza, kifo chake kichunguzwe na hakimu hadharani, kama Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 inavyotoa njia, ili ndugu wa marehemu wasilazimike kungoja Tume ya Rais kama walivyongoja watu wa Mahenge.

Ninyi walimu ndio mnaofundisha uraia. Fundisheni kwamba mwananchi ana haki ya kuihoji sheria bila kuivunja. Ninyi watumishi wa umma ndio mnaoandaa miswada, mnaopeleka majalada, mnaozijua njia za ofisi. Msiache jalada hili lilale kabatini na vumbi juu yake, kwa kisingizio kwamba aliye kileleni hajauliza. Waulizeni wabunge wenu, wa Kilombero, wa Mlimba na wa Ulanga, wanapopita kuomba au kushukuru: umesema nini kuhusu sheria hii?

Wahenga hawakutukataza kuadhibu. Walitukataza kusahau. Kwa muda mrefu tumekumbuka kunyonga. Umefika wakati wa kukumbuka haki.