NANI ANATOA MOSHI, NA NANI ANALIPA?

Ndugu wafanyakazi,

Septemba 2023 wakubwa wa Afrika walikutana KICC, hapa katikati ya Nairobi, kuzungumza juu ya hewa ya ukaa inayoitia dunia joto. Mkutano ulikuwa mwema. Lakini sisi twauliza: katika hesabu ya moshi, mfanyakazi yuko upande gani?

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa zaidi ya kilo 2 za hewa ya ukaa. Tuseme bwana wa Lavington aenda mjini na kurudi peke yake ndani ya motokaa, achoma lita 2. Ametoa kilo 4 na zaidi. Basi la Kangemi lenye abiria 30 likichoma lita 6 za dizeli kwenda na kurudi, fungu la kila abiria ni kama nusu kilo. Na ndugu yetu atokaye Kawangware alfajiri kwa miguu kwa kukosa nauli, yeye ametoa nini? Jasho. Naye si peke yake: karibu watu wanne katika kila kumi mjini Nairobi huenda kwa miguu.

Sasa tazameni nani alilipishwa. Mwaka 2018 mafuta ya taa, mafuta ya jiko la maskini, yalitiwa ada ya Shs. 18 kwa lita, ati kwa kuwa wafanyabiashara waliyachanganya na dizeli. Mwizi alichanganya, mpishi akalipa. Julai 2023 kodi ya VAT juu ya petroli na dizeli ilitoka asilimia 8 hadi 16. Julai 2024 ada ya barabara ikatoka Shs. 18 hadi 25 kwa lita. Mwenye motokaa alinung'unika. Sisi tulipunguza unga.

Twaambiwa mafuta yakiwa ghali watu watachoma kidogo. Ni kweli kwa mtu mwenye njia nyingine. Yetu ni ipi? Mwaka 2022 ilifunguliwa Nairobi Expressway, kilometa 27 toka Mlolongo hadi Westlands, njia ya kulipia. Chini yake sisi twangoja basi katika moshi. Mwaka 2020 mti wa mugumo wa Waiyaki Way uliponea shoka kwa amri ya Rais. Vyema. Mti ulipata mtetezi. Mwenda kwa miguu bado angoja wake.

Mtu asidhani twautetea moshi. Dereva, kondakta na mama muuza mahindi kando ya Ngong Road ndio wauvutao kwanza. Basi twadai haya:

1. Mabasi yapewe njia yao Waiyaki Way na Ngong Road, na wenda kwa miguu wapewe yao.

2. Mabasi ya umeme yaongezwe, kwani umeme wetu mwingi watoka katika mvuke wa Olkaria, maji na upepo.

3. Dereva, kondakta na fundi wa dizeli wafundishwe kazi mpya kabla ya kuachishwa ya zamani.

4. Kodi ikipandisha nauli, mshahara upande nayo.

Ndugu, bei ya mafuta hutangazwa kila tarehe 14 ya mwezi. Toka siku hiyo kila mmoja aandike nauli yake ya kila siku, amletee katibu wa tawi. Tajiri hubisha maneno. Hesabu iliyoandikwa humpa taabu.

Umoja ni nguvu.