Anayepima Mradi Asilipwe na Mwenye Mradi

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inadai kwamba mradi mkubwa ufanyiwe tathmini kabla ya kupewa leseni. Vyema. Lakini mtaalamu anayeifanya tathmini hiyo huajiriwa na kulipwa na mwenye mradi. Ndugu msomaji, sisi mawakili twajua kwamba hakimu aliyelipwa na mmoja wa wadaawa hawezi kuketi kusikiliza kesi. Mbona basi jambo lililo haramu mahakamani likubaliwe katika hewa, maji na samaki wa wananchi?

Tutazame Lamu. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, pale Kwasasi. Wakazi walipinga, na tarehe 26 Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ikaifuta leseni hiyo. Mikutano ilikuwepo, ndiyo. Ila ilifanywa kabla ya uchunguzi wenyewe, wakati hapakuwa na matokeo yoyote ya kujadili. Huko ni kumwalika mtu arusini kabla ya posa! Hata suala la mabadiliko ya tabianchi halikupimwa ipasavyo.

Kasoro kubwa zaidi ni kupima vipande. Bandari hupimwa peke yake, barabara peke yake, mtambo peke yake, ilhali bahari ni moja na mvuvi ni yule yule. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari mpya, ikasema pia kwamba tathmini ya mpango mzima wa LAPSSET ilipaswa kutangulia. Fedha za fidia hutoka wapi, kama si katika kodi zetu?

Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaiagiza serikali ihimize ushiriki wa umma katika kulinda mazingira. Kwa hiyo Bunge liirekebishe sheria: mwenye mradi alipe ada katika mfuko wa umma, na mpimaji ateuliwe na jopo ambalo wakazi wana viti. Ripoti isomwe kwa Kiswahili barazani kabla ya leseni, na mwenye kuipinga apewe muda wa kutosha wa kujibu.