SIYO MKONO WA MTU, NI PRESHA NA DIKLOPA ZA KWENYE POCHI

Kama uliingia mtandaoni wiki iliyopita, bila shaka ulikutana na kile kipande cha video. Dada mmoja wa Bongo Fleva, jina lipo kapuni, amekaa kwenye kochi, mdomo umepinda upande, anajaribu kusema "nawashukuru wote" na maneno yanatoka mazito kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. Video fupi tu. Chini yake maoni kama mvua. "Hapo kuna mkono wa mtu." "Kapigwa kipapai." "Achunguzwe yule shoga yake waliyegombana." "Nyota imechukuliwa hiyo." Mmoja akaenda mbali zaidi, akamtaja na mganga aliyefanya kazi hiyo, utadhani alikuwepo.

Katika maoni yote yale, aliyeuliza presha ya dada ilikuwa ngapi ni mmoja tu. Akajibiwa "dokta wa Google", na vikatuni vya kucheka juu.

Sasa huyo aliyechekwa ndiye aliyeuliza swali la maana.

Kwa mujibu wa mnyetishaji aliye karibu na familia, dada huyo ana maumivu ya mgongo toka alipoteleza jukwaani miaka mitatu iliyopita. Siku ya shoo alikuwa anameza diklopa kabla ya kupanda na nyingine akishuka. Siku isiyo na shoo anameza pia, maana kuna mazoezi, kuna kushuti, kuna safari za usiku. Dansa wake alishazoea kutumwa famasi: "Mdogo wangu, nichukulie zile za buku." Muuzaji hakuwahi kuuliza cheti. Na katika miaka yote mitatu hakuna aliyewahi kumfunga mkanda wa presha mkononi.

Siku ya tukio, saa moja asubuhi, kikombe cha chai kilimdondoka mkononi. Mkono wa kulia ukawa hausikii amri. Nyumbani wakaitwa watu wa maombi. Mchana akaletwa mzee wa kutoa majini. Hospitali alifikishwa kesho yake, presha inasoma 210 kwa 120.

Na tuwe wakweli: hakuna daktari anayeweza kuapa kwamba ni vidonge. Presha ya namna hiyo peke yake inatosha kumwangusha mtu. Lakini kati ya presha isiyopimwa, vidonge vya kila siku na jini, jini ndilo pekee ambalo halina ushahidi. Na ndilo pekee lililotajwa.

Wapo watakaosema huo ni ushamba, watu wa mjini hawana mambo hayo. Thubutu! Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya mahojiano na watu wa Dar es Salaam na wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kuhusu kiharusi kinaletwa na nini. Wa kijijini Hai wengi walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Walioongelea zaidi majini na uchawi ni wa Dar. Yaani mtu wa shamba anasema presha, mtu wa mjini mwenye bando la mwezi anasema kipapai.

Na mjini huko huko ndiko ugonjwa ulikojaa. Mwaka 2010 jarida la Lancet Neurology lilitoa matokeo ya utafiti uliohesabu wagonjwa wapya wa kiharusi sehemu hizo mbili. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai walikuwa kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar walikuwa kama 316. Karibu mara tatu. Kama ni uchawi, basi wachawi wote wamehamia Dar.

Sasa tuje kwenye hivyo vidonge, maana hapa ndipo watu hawapendi kusikia.

Diklopa, kwa jina la kitaalamu diklofenaki, inatuliza maumivu kweli. Hakuna anayebisha. Inafanya hivyo kwa kuzuia kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu. Tatizo ni kwamba baadhi ya kemikali za familia hiyo hiyo zina kazi nyingine. Ukuta wa ndani wa mshipa wa damu unatengeneza moja ambayo kazi yake ni kuulegeza mshipa na kuzuia damu isigande hovyo. Kidonge kinaipunguza hiyo. Figo nazo zinaanza kubakiza chumvi na maji mwilini, presha inapanda. Kama mtu anatumia dawa ya presha, kidonge kinaweza kuipunguzia nguvu. Kwa hiyo mgongo unapoa, ila mshipa unabanwa, damu inakuwa rahisi kuganda na presha inasukuma kwa nyuma. Mtu anasikia nafuu huku ndani kunaharibika.

Dunia ililijua hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1999 Marekani iliruhusu kidonge kipya cha maumivu kinaitwa Vioxx, cha kampuni ya Merck. Kilitangazwa kwa fujo, na watu zaidi ya milioni 80 duniani wakakitumia. Tarehe 30 Septemba 2004 kampuni yenyewe ikakiondoa sokoni, baada ya utafiti kuonyesha waliokimeza muda mrefu walipata mshtuko wa moyo na kiharusi mara mbili hivi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Tangu hapo watafiti wakaanza kuvikagua na vidonge vya zamani. Diklofenaki haikutoka salama.

Denmark, nchi ambayo kila dawa ya cheti na kila aliyelazwa vimeandikwa kwenye kompyuta, walifuatilia watu zaidi ya milioni 1.3 walioanza kutumia diklofenaki. Matokeo yalitoka kwenye jarida la BMJ mwaka 2018: ndani ya siku 30 tu, matatizo makubwa ya moyo na mishipa, kiharusi kikiwemo, yalikuwa asilimia 50 zaidi kuliko kwa wasiotumia kidonge cha aina hiyo. Hata ukiwalinganisha na waliopewa parasetamoli, bado walizidi kwa asilimia 20. Na hata dozi ndogo haikuwa salama kabisa.

Uingereza ilikuwa imeshachukua hatua. Toka Januari 2015 vidonge vya diklofenaki huko haviuzwi bila cheti cha daktari. Ulaya nzima waliambiwa mwaka 2013: mtu aliyewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo asipewe kabisa. Huku uswahilini inauzwa kwa kukatwa, mbili mbili, kwenye kipande cha gazeti.

Najulikana swali linalofuata: "Mbona babu anakunywa mwaka wa kumi na anadunda?" Jibu lipo, na halihitaji kutishana. Mwaka 2013 uchambuzi mkubwa kwenye Lancet ulikokotoa kwamba ukiwachukua watu 1,000 wakameza diklofenaki ya dozi kubwa kwa mwaka mzima, watatu zaidi watapata tatizo kubwa la mishipa, na mmoja kati yao atakufa. Watatu kati ya elfu. Babu yupo kwenye wale 997. Lakini hesabu yenyewe inasema hatari inakuwa kubwa zaidi kwa aliye na presha, sukari au anayevuta sigara. Na wengi wenye presha wanaopita Kariakoo hawajui kama wanayo, kwa sababu presha haiwashi wala haiumi. Anayemeza bila kupima anacheza kamari ambayo hajaambiwa dau lake.

Wa kulaumiwa zaidi hata siyo huyo dada. Ni mastaa wenzake. Yupo kaka mmoja wa vichekesho anayetangaza kila wiki "dawa ya asili ya mgongo na viungo, haina kemikali, unapona siku tatu". Hajasema nani aliipima. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu mara kadhaa kuhusu kirutubisho cha viungo kilichouzwa kama kitu cha asili. Maabara ilipokipima ilikuta ndani yake diklofenaki na dawa kali ya steroidi ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Kwa hiyo mtu akisikia "siku tatu mgongo umepona", asishangilie kwanza. Aulize kuna nini ndani. Na staa anayelipwa kutangaza kitu asichokijua, siku shabiki wake akipinda mdomo, asije kuandika "pole dada, Mungu akuponye" na kopa mbili.

Ila haki itendeke upande wa pili pia. Maumivu ya muda mrefu siyo deko. Mtu akiumwa zaidi ya miezi mitatu, kitaalamu hayo ni maumivu sugu, na Shirika la Afya Duniani limeyapa nafasi yake kama ugonjwa kwenye orodha mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dansa, bodaboda, dada wa saluni anayesimama masaa kumi na mbili, wote hao wanaumwa kweli. Kuwaambia "vumilia" ni ukatili, na kuwauzia diklopa za buku kila siku ni ukatili wa aina ya pili. Wanachostahili ni kuangaliwa: mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mazoezi ya kuimarisha mgongo, daktari anayeuliza presha na figo kabla ya kuandika kidonge, na kidonge chenyewe kiwe cha siku chache. Aliyeandikiwa na daktari asiache kimya kimya, arudi akaulize.

Na lile la kikombe kudondoka kila mtu alishike kichwani. Uso unapinda upande mmoja, mkono unakosa nguvu, maneno yanakuwa mazito: hata dalili moja kati ya hizo ikija ghafla, hakuna kusubiri. Kwenye kiharusi cha mshipa mkubwa kuziba, kila dakika zinakufa seli za ubongo kama milioni 1.9. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya masaa manne na nusu tu toka dalili zianze, na lazima kwanza kichwa kipigwe skeni kujua kama mshipa umeziba au umepasuka. Ndiyo maana hata aspirini ya kumpa mgonjwa nyumbani ni hatari, kama umepasuka unamwongezea kuvuja.

Piga hesabu ya yule dada. Kikombe kilidondoka saa moja asubuhi. Muda wake uliisha saa tano na nusu, wakati watu wapo sebuleni wanakemea. Mzee wa majini alipofika mchana, dirisha lilishafungwa. Wanaotaka kuomba waombe, hakuna anayewazuia, ila waombee ndani ya gari likiwa njiani kwenda hospitali.

Sasa hivi dada anajifunza upya kushika kijiko, na bado kuna watu wanapost picha ya shoga yake na kuandika "mchawi huyu hapa". Huyo shoga naye ni binadamu, ana mama, ana biashara, ameshafunga akaunti yake kwa matusi. Uvumi mmoja umewaumiza watu wawili.

Kupima presha ni dakika tano. Juu ya 140 kwa 90 ikijirudia, ni ya kushughulikiwa.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kabla hujaandika lolote hapo chini, anza na namba moja: presha yako mara ya mwisho ilisoma ngapi? Kama hujui, basi usimwandikie mtu mwingine "mkono wa mtu".