Kadi Si Mdomo

Nilimtoa kocha uwanjani Goweko kwa kadi nyekundu. Tangu siku ile, kila ninaposikia mtu akisema kwa majivuno kwamba refa hajibizani na mtu, naona aibu, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mimi.

Ilikuwa mechi ya ndondo, wakati wa likizo, kwenye uwanja wa vumbi usio mbali na stesheni. Nilipewa filimbi kwa kuwa niliwahi kuhudhuria kozi fupi ya uamuzi, na pia, nadhani, kwa kuwa mtu anayesoma shahada ya pili anadhaniwa kuwa na haki tele mfukoni. Dakika za mwisho nikakataa bao la wageni: kuotea. Kocha wao, mwalimu wa Kizaramo aliyehamishiwa huku kwetu, akasogea hadi mstarini. “Refa, nani kaotea? Nioneshe tu.” Swali halali kabisa. Sikumjibu, nikamwonesha njano. Akauliza tena, safari hii kwa kufoka. Nyekundu. Wachezaji wake wakaketi katikati ya uwanja, na vijana waliokuwa pembeni wakaanza kuvuka mstari.

Aliyetuokoa ni mshika kibendera wangu, mzee wa Kinyamwezi, mstaafu wa reli. Alimwendea kocha polepole, kibendera kwapani. “Mtani, babu zangu walibeba pembe kutoka huku mpaka kwenu pwani na hawakulia. Wewe unalilia goli moja?” Watu wakaangua kicheko. Kocha naye, shingo upande, akacheka. Kisha mzee akamchorea mavumbini kwa mti wa kibendera: beki wa mwisho hapa, mshambuliaji wako pale. Bao lilibaki limekataliwa na kadi ikabaki nyekundu. Kocha akaenda kuketi chini ya mwembe, tukamaliza mechi.

Nimeambiwa kwamba hiyo ni bahati ya kijijini. Sikubali. Utani kati ya Wanyamwezi na Wazaramo ulikomaa katika njia ya misafara, watu waliotembea miezi wakiwa na mizigo mabegani, wakihitaji chakula, maji na mahali pa kulala kwa watu wasiowajua. Ilibidi iwepo lugha ya kumwambia mgeni ukweli mchungu bila kutoa kisu. Hata hongo, neno tunalomtupia refa kila Jumamosi, katika njia ile lilikuwa ushuru wa kupita nchi ya mtemi, na kiwango chake kilipatikana kwa mazungumzo yaliyoweza kuchukua siku kadhaa. Sisi wajukuu wao tumeazima filimbi na kadi, tukaamini kwamba hekima ya uamuzi ni kununa.

Na hizo kadi zenyewe zilizaliwa kwa sababu watu walishindwa kuelewana. Mwaka 1966, katika Kombe la Dunia kule Wembley, mwamuzi Mjerumani Rudolf Kreitlein alimtoa nahodha wa Argentina, Antonio Rattín. Hawakuwa na lugha moja. Rattín akadai mkalimani na akagoma kuondoka kwa dakika kadhaa. Baada ya vurugu hizo Mwingereza Ken Aston akawaza rangi za taa za barabarani, na kadi zikaanza kutumika Mexico mwaka 1970. Yaani kadi ni dawa ya watu wasio na lugha ya pamoja. Mimi na kocha yule sote tunazungumza Kiswahili!

Mnakumbuka tarehe 1 Oktoba 2016, Simba na Yanga, watani wa jadi, Uwanja wa Taifa. Amissi Tambwe akafunga, Simba wakadai ameunawa mpira, na katika zogo lililofuata nahodha wao Jonas Mkude akaoneshwa nyekundu. Viti viking'olewa jukwaani. Sisemi neno moja la mwamuzi lingevirudisha viti mahali pake. Nasema nahodha ndiye mtu ambaye timu nzima imemtuma kuuliza, na ukimfukuza yeye, kumi waliobaki watauliza kwa njia nyingine. Kwenye Euro 2024 UEFA walielekeza nahodha peke yake amfuate mwamuzi, na mwamuzi kwa upande wake amweleze uamuzi wake. Nusu ya kwanza ya agizo hilo tuliishangilia sana mitandaoni. Nusu ya pili, ile ya kueleza, sijaona mtu akiidai.

Mtaniambia refa anayecheka na kocha atadhaniwa amenunuliwa. Kweli, na sisi ndio tunaodhani hivyo. Sisi wenye digrii na vifurushi vya intaneti ndio tunaokata kipande cha video cha sekunde nane, mwamuzi kamshika mchezaji bega, tukaandika “kahongwa.” Halafu tunashangaa waamuzi wamekuwa mabubu wenye kadi. Mzee wa reli hana akaunti ya kutukaniwa, labda ndiyo maana bado anazungumza.

Likizo hii nimeombwa kuchezesha tena. Nimekubali kwa sharti moja: mzee ashike filimbi, mimi nishike kibendera. Mwalimu bado yupo Goweko. Akikutana na mzee sokoni humwita mtani na kumdai nauli ya kurudi pwani. Mimi hunijibu salamu, basi.