Springi Kali Haikupi Shabaha

Wacha niseme, na mkitaka kunitukana mnitukane: wengi wanaojiita mafans wa bastola za upepo hawapendi kulenga. Wanapenda kununua. Klipu ya bastola ya springi ikipanda tu mtandaoni, komenti ya kwanza ni ileile: "Hiyo inatoka na spidi gani?" Ya pili: "Weka springi kali, buda." Ya tatu kuna msee anauliza kama inaweza kufungwa leza. Hakuna anayeuliza matundu matano kwenye karatasi yamekaribiana kiasi gani. Na hilo ndilo swali lenye maana.

Tuelewane kwanza kuhusu mashine yenyewe. Ukiikoki, unabana springi. Triga ikiiachilia, springi inasukuma pistoni, pistoni inaminya hewa ndani ya silinda, na hewa hiyo ndiyo inasukuma peleti, kale kadude ka risasi ka milimita 4.5, kapite kwenye mtutu. Shida iko hapa: pistoni ni chuma, ina uzito, na inaanza kukimbia kabla peleti haijatoka. Bastola inaruka upande mmoja pistoni ikiondoka, halafu inarudi upande wa pili pistoni ikifika mwisho. Kwa hivyo peleti ikiwa bado ndani ya mtutu, mkono wako ushatingishwa.

Sasa niambie, ukiweka springi kali zaidi umefanya nini? Umeongeza vurugu. Kukoki kumekuwa kugumu, mkono unachoka mapema, na bastola inaruka zaidi. Karatasi iliyo mita 10 mbele yako haijui peleti imekuja na spidi gani. Inajua tu imetobolewa wapi.

Halafu kuna kundi la pili, wale wa "kipaji tu." Hawa walipata nabii wao Paris 2024: Yusuf Dikeç wa Uturuki, mkono mfukoni, miwani ya kawaida, tisheti, akaondoka na fedha ya timu mseto ya bastola ya upepo pamoja na Şevval İlayda Tarhan. Memes zikasema jamaa ameamka tu, akatoka nyumbani, akapiga. Zii. Dikeç alikuwa na miaka 51, na hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya tano. Alianza Beijing 2008. Huyo si mtu aliyetokea tu. Huyo ni mtu aliyerudia kitu kimoja mpaka kikaonekana rahisi. Na kwenye mashindano hayohayo, Kim Yeji wa Korea Kusini alikuwa na lenzi na vifuniko vya macho kama roboti wa sinema, na yeye pia akachukua fedha, kwenye bastola ya upepo ya wanawake. Mmoja na vifaa, mmoja bila, medali rangi moja. Mnabishana kuhusu miwani wakati jibu liko kwenye mkono.

Najua kuna mjuaji anaandika saa hii: "Lakini bastola zao ni za bei, na si za springi." Kweli kabisa. Zao zina mtungi wa hewa iliyoshindiliwa tayari, na hakuna pistoni nzito ya kuzirusharusha. Lakini angalia sheria za mchezo wao: uzito wa triga usipungue gramu 500, bastola yenyewe isizidi gramu 1,500. Hakuna alama hata moja ya spidi. Pesa yao imeenda kwenye vitu viwili: mpini unaokaa mkononi vilevile kila mara, na triga inayoachia palepale kila mara. Walinunua kurudiarudia. Hawakununua nguvu.

Twende kwa hesabu sasa. Hii si fizikia ya chuo, chuo mimi nilikiacha, hii ni hesabu ya shule ya msingi. Tuseme kati ya kijiti cha mbele na mwanya wa nyuma wa kulengea kuna sentimita 25. Kijiti kikihama milimita 1 tu ndani ya ule mwanya, kwa mita 10 tundu lako limehama milimita 40. Duara la alama 10 kwenye karatasi ya mashindano lina upana wa milimita 11.5. Umepotea kabisa. Lakini mkono wako wote ukiyumba milimita 5, kijiti kikiwa bado katikati ya mwanya, tundu linahama hizohizo milimita 5.

Soma hiyo tena. Kuyumba hakukuui. Kinachokuua ni kuvunja mstari wa kijiti na mwanya, na mara nyingi unauvunja wewe mwenyewe kwa kuinyakua triga ukidhani "sasa ndiyo sasa!" Ndiyo maana jicho linakaa kwenye kijiti cha mbele. Karatasi iache iwe na ukungu. Mtu anayekodolea macho karatasi anaangalia kitu ambacho hawezi kukirekebisha.

Na hapa ndipo ninaitetea bastola ya springi, hata kama wajuaji wanaiita ya kizamani. Kwa sababu inaruka, haikufichii kitu. Leo ukiishika kwa nguvu, kesho ukiilegeza, matundu yanahama. Ukiiegemeza kwenye meza ngumu, yanahama tena. Ukishusha mkono haraka uone umepiga wapi, umeharibu. Inakudai mshiko uleule, pumzi ileile, na ubaki palepale kidogo baada ya kufyatua. Ni mwalimu mkali, na ukimpita huyu, bastola nyingine zitakuonea huruma.

Kwani nakataa kubadilisha bastola? Hapana. Nakataa mpangilio wenu. Kwanza kaza skrubu, kwa sababu mtikisiko wa springi huzilegeza. Pili, jaribu peleti za aina tofauti, tano tano, na zile za kichwa bapa uzijaribu mapema kwa sababu zinatoboa tundu safi unaloweza kulipima. Bastola moja hupenda aina moja na kuchukia nyingine, hakuna siri. Tatu, mpini. Ukiwa mnene kwa kiganja chako au unateleza, tafuta unaokutosha. Hapo umemaliza, rudi kwa karatasi.

Kuna vitu usiguse. Usimwage mafuta ya kawaida ndani ya silinda: hewa ikiminywa hupata joto, mafuta yanawaka, na mpira wa pistoni unaharibika. Usifyatue bila peleti, maana pistoni inagonga mwisho bila hewa ya kuizuia. Na usiende kwa fundi wa mtaani akuchongee triga "iwe laini." Triga laini kupita kiasi ni bastola inayofyatuka wakati hujaamua.

Sasa nyamazeni kidogo, kwa sababu hapa mchezo unaisha. Peleti inatoboa jicho. Inaweza kugonga kitu kigumu na kukurudia. Vaa miwani ya kinga, weka kizuizi kinachonasa peleti, na mtu yeyote asiwe mbele ya mtutu. Halafu kuna Kenya yenyewe. Tuna Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na bodi inayotoa leseni. Anza huko kabla hujaagiza chochote, na ufanye mazoezi kwenye uwanja unaotambulika, ukiwa na msimamizi. "Ni ya upepo tu, afande" si jibu. Chukua Weihrauch HW45, bastola ya springi inayojulikana sana: umbo lake linafanana na Colt 1911. Ukiichomoa kwenye kona ya mtaa usiku ili upate video ya sekunde 15, anayekuona hana muda wa kuuliza ndani kuna springi au baruti. Nairobi hii, vijana wamezikwa kwa makosa madogo kuliko hayo. Views hazifufui mtu.

Mbona nimepandwa hivi na kitu ambacho wengi wenu hamtawahi kukishika? Kwa sababu ugonjwa ni uleule kila mahali. Msee hajarekodi episodi hata moja, ashanunua maiki ya elfu thelathini. Mwingine ana viatu vya mbio na hajawahi kumaliza Karura. Tumefundishwa kwamba kununua ni kuanza. Kununua ni kununua tu. Kuanza ni ile siku unaboeka na bado unarudia.

Kwa hivyo wewe mwenye leseni na renji, chukua karatasi nyeupe isiyo na duara lolote. Simama mita 5. Hakuna pa kulenga, kuna kijiti, mwanya na triga tu. Piga tano. Usirekebishe chochote baada ya tundu moja, maana tundu moja halisemi kitu. Pima kwa rula umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, andika namba na tarehe. Fanya hivyo mwezi mzima na springi ileile uliyouziwa nayo.

Namba ikishuka, nitumie picha ya karatasi. Picha ya springi mpya kaa nayo.