Bonde la Nubia: Mawe Yaliokolewa, Wenyewe Je?

Anayetaka kujua maana ya kuhifadhi urithi na aliangalie bonde la Nubia, nchi nyembamba ya kandokando ya Mto Nile inayoanzia Aswan, kusini mwa Misri, na kuingia Sudan hadi karibu na Khartoum. Huko ndiko mataifa yalikojifunza kazi hii, na huko huko ndiko yalikofanya kosa ambalo mpaka leo linarudiwa. Mwezi Machi 1960 shirika la UNESCO lilitoa wito kwa ulimwengu mzima, kwa kuwa Misri ilikuwa imeazimia kujenga Bwawa Kuu la Aswan, na ziwa ambalo lingetokea, lenye urefu wa kilomita 500 hivi, lingefunika mahekalu, ngome, makanisa na makaburi ya maelfu ya miaka. Wito uliitikiwa. Nchi zipatazo 50 zilichangia. Mahekalu mawili ya Ramses II pale Abu Simbel, yaliyochongwa ndani ya mwamba, yalikatwa kwa misumeno vipande zaidi ya 1,000, kila kipande kikatiwa namba, kisha yakaunganishwa upya mita 65 juu ya mahali pake pa zamani. Kazi hiyo ilikamilika 1968. Majengo ya kale zaidi ya 20 yalihamishwa au kuokolewa kwa namna hiyo, na moyo ulioamshwa na kampeni ile ulisaidia kuzaa Mkataba wa Urithi wa Dunia wa 1972.

Sasa tutazame upande wa pili wa habari hiyo hiyo. Katika miaka ile ile ambayo mawe yalikuwa yakitiwa namba, Wanubi wapatao 100,000 wa pande zote mbili za mpaka walikuwa wakiondolewa makwao. (Hapa nawasema wenyeji wa bonde lenyewe; Wanubi wa Kibera, jijini Nairobi, ni uzao wa askari waliotoka Sudan, na historia yao ni nyingine.) Wa Misri walipelekwa Kom Ombo, kaskazini ya Aswan, katika vijiji vilivyopewa majina ya vile vilivyozama lakini vikajengwa mbali na mto. Wa Sudan, watu wa Wadi Halfa, walisafirishwa kwa treni mwaka 1964 hadi Khashm el-Girba kwenye Mto Atbara, mamia ya kilomita kutoka kwao, nchi ya mvua na tope kwa watu waliozaliwa jangwani mahali ambapo mvua ni tukio. Kabla ya kuondoka walikwenda kuyaaga makaburi ya wazee wao. Nyuma waliacha mitende, ambayo kwao haikuwa miti tu bali mali iliyogawanywa kwa hisa baina ya ndugu, na magurudumu ya kuteka maji yaliyozungushwa na ng'ombe, na mto ambao harusi, uzazi na maziko yao yote yalikuwa na jambo la kufanya nao. Mhandisi alihakikisha kila jiwe la Abu Simbel linarudi ubavuni mwa jiwe lililokuwa jirani yake. Mwanadamu hakufanyiwa hesabu hiyo.

Hoja yangu ni kwamba huku si kuhifadhi bonde. Ni kuhifadhi nusu yake. Wala sisemi hivyo kwa huruma peke yake. Jiwe lisilo na mwenyewe husomwa vibaya, na Nubia inatupa ushahidi. George Reisner, Mmarekani aliyechimba Kerma kuanzia 1913, alikuta makaburi makubwa ya kifalme. Kwa kuwa hakuamini kwamba watu weusi wa pale wangeweza kujenga dola, akaandika kuwa ni makaburi ya magavana wa Misri. Ilichukua miaka mingi kwa wengine, Charles Bonnet wa Uswisi akiwa mmojawapo, kuonyesha wazi kwamba Kerma ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Waafrika wenyewe, uliositawi zaidi ya miaka 1,500 kabla ya Kristo. Wafalme wa Kush, dola ya Nubia iliyofuata, akina Piye na Taharqa, walifika hata kuitawala Misri. Tutazame pia ushahidi wa lugha. Katika ngome ya Qasr Ibrim na kwingineko yalipatikana maandishi ya Kinubi cha kale, mojawapo ya lugha za Kiafrika zilizotangulia kuandikwa. Wataalamu waliweza kuyasoma, na kilichowasaidia sana ni kwamba mjukuu wa lugha ile, Kinobiin, bado anazungumzwa na watu walio hai. Kinyume chake ni Kimeroe, lugha ya Meroe, mji wa kale wa Kush: herufi zake zimejulikana jinsi ya kutamkwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini maana ya maneno mengi imetupotea, maana waliokisema wametoweka. Lugha ya Wanubi nayo, ikitawanywa makambini na mijini, watoto wakifundishwa kwa lugha nyingine, itakwenda njia hiyo. Hakuna msumeno wa kuikata vipande na kuipandisha mlimani.

Wapo watakaosema kwamba bwawa lilikuwa la lazima. Neno hilo lina uzito, na haifai kulikwepa. Bwawa la Aswan liliipa Misri umeme mwingi, na katika ukame wa miaka ya 1980, wakati majirani walipokumbwa na njaa, maji yaliyohifadhiwa pale yaliwalisha Wamisri. Mimi sibishani na umeme wala mkate. Lakini aliyekula faida ni nani, na aliyelipa ni nani? Faida ilienea taifa zima; gharama ikabebwa na jamii moja ndogo, ambayo haikuulizwa. Hata kwa Sudan, mji uliozama ulizama kwa makubaliano ya 1959 na Misri yaliyotiwa sahihi mbali na Wadi Halfa. Ulazima wa bwawa hauleti ulazima wa dhuluma.

Wengine watasema: bila wageni na makumbusho yao tungekuwa na nini leo? Ni kweli kwamba michoro ya kanisa kuu la Faras, zaidi ya 100, iliyotolewa mchangani na Wapoland kabla ya maji kufika, isingekuwapo. Sehemu yake iko Warsaw na sehemu ilipelekwa Khartoum. Shukrani ni wajibu. Ila tusidanganyike kuwa kitu kikiingia ndani ya kuta kimesalimika. Jumba la Makumbusho la Taifa la Sudan, lililofunguliwa 1971 kuyapokea yaliyookolewa kutoka bondeni, lilinaswa katika vita vilivyoanza Aprili 2023. Jeshi la Sudan liliporudi Khartoum Machi 2025, vyumba vilikuwa vimeporwa na dhahabu imetoweka. Masanamu makubwa yasiyobebeka ndiyo yaliyobaki. Na mwizi hakuanza leo: mwaka 1834 Mwitalia Giuseppe Ferlini alivunja vilele vya piramidi za Meroe akitafuta dhahabu, na vito vya malkia Amanishakheto alivyovipata vimo Ujerumani hadi sasa. Ukuta na kufuli ni vizuri, lakini mlinzi wa kwanza wa mahali pa kale ni mwanakijiji anayejua ni kaburi la nani. Yeye ndiye tuliyemwondoa.

Upo pia wasiwasi wa baadhi ya waumini, kwamba haya ni mambo ya ushirikina wa kale. Wanubi ni Waislamu, na kabla yake walikuwa Wakristo kwa karne nyingi. Kuijua njia waliyopitia babu hakumfanyi mtu aabudu walichoabudu.

Basi wenye madaraka wayapime haya, na sisi wananchi wa nchi zinazonywa maji ya mto huo tuwadai wayapime. Bwawa la Merowe, lililozinduliwa Sudan 2009, liliwahamisha zaidi ya watu 50,000, kana kwamba Wadi Halfa haikuwahi kutokea. Mwaka 2007 waandamanaji wanne waliokataa bwawa la Kajbar waliuawa kwa risasi. Kwetu juu, karibu na Jinja nchini Uganda, maporomoko ya Bujagali, ambayo Wasoga waliyaheshimu kama makao ya mzimu, yamezama chini ya bwawa lililokamilika 2012. Kila mpango wa namna hii na uanze na wenyeji: waulizwe kabla mchoro haujapigwa muhuri, lugha yao iandikwe na kufundishwa, na anayetaka kubaki kando ya maji apewe njia ya kubaki. Katiba ya Misri ya 2014, kifungu cha 236, iliahidi kuwarudisha Wanubi katika ardhi yao ya asili ndani ya miaka 10. Muda huo umepita, na wengi bado wako walikopelekwa.

Wapo lakini waliokataa kuondoka. Wadi Halfa ilipoanza kuzama, baadhi ya wakazi walibaki, wakajenga vibanda ukingoni. Maji yalipopanda, wakabomoa wakajenga tena juu zaidi, na yalipopanda tena wakafanya vivyo hivyo. Mji wao upo hadi leo kando ya ziwa, na reli ya kutoka Khartoum inaishia hapo.